Kuku wa Chumbani kwa Jenifa

Mkaguzi Naftali Msengi wa upelelezi, Kiomboi, alikuwa na maungamo mkononi, na maungamo hayo yalimkera kuliko kesi isiyokuwa na mshukiwa. Anastasia, mke wa Fabiano wa Ulemo, alikuwa amemwambia kila aliyetaka kusikia kwamba amemuua binti yake Jenifa, mtoto wa miaka tisa. Alimwambia mumewe alfajiri ile ya Julai. Akamwambia balozi wa nyumba kumi, akawaambia polisi, kisha akasimama mbele ya mlinzi wa amani, hakimu anayeandika maungamo, pale mahakamani akayarudia yaleyale bila kubadilisha neno. Mpelelezi gani hapendi mshukiwa wa namna hiyo? Wenzake ofisini walishampa mkono wa pongezi na kumwambia afunge jalada, aende akale nyama choma kwa amani.

Msengi angelifunga kweli, kama si mtego mmoja aliouweka mwenyewe. Siku za mwanzo, akiwa amechoka kusikia "nimemuua" kwa kila swali, alimuuliza yule mama kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na yule ng'ombe wa jirani uliyemvunja mguu?"

"Ndiyo, baba. Ni mimi. Nimekosa."

Hakukuwa na ng'ombe. Jirani mwenyewe hakuwa na ng'ombe hata wa dawa. Mtu anayekiri kosa ambalo halikutendeka anaweza kukiri lolote, na tangu siku hiyo Msengi alikuwa hapati raha na jalada lile.

Tatizo ni kwamba shaka ya mpelelezi haipelekwi mahakamani. Daktari aliyeupasua mwili alikuta mapafu yamejaa maji yenye povu, akaandika kwamba huenda mtoto alizibwa pumzi, na hakuchukua sampuli. Fabiano usiku ule alilala Iguguno kwa mama yake, alikowapelekea unga watoto wake wawili wadogo, na watu kadhaa walithibitisha. Nyumbani walibaki wawili tu, mama na binti. Sasa ilikuwa imebaki siku moja tu jalada liwe mezani kwa wakili wa serikali, Singida mjini. Likifika na maungamo yakiwa yamesimama wima, Anastasia angekwenda Mahakama Kuu kwa kuua kwa kukusudia, na kosa hilo lina adhabu moja tu. Kamba.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, vumbi la Septemba likipeperuka barabarani, Msengi aliingia hospitalini kwa Daktari Hana, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyekuwa akimtibu mahabusu huyo sonona kwa mwezi wa pili sasa.

"Umekuja kuniomba karatasi ya kwamba ana wazimu," Hana alisema, Msengi hajakaa vizuri.

"Nimekuja kuomba picha ya ubongo wake. Nimeambiwa siku hizi zipo mashine zinazoonyesha sonona."

"Mashine zipo. Hapa hazipo."

"Tutampeleka Dar es Salaam. Nitapiga magoti kwa kamanda, nipewe gari."

"Picha utaipata, afande. Ushahidi hutaupata."

Msengi alikunja uso. Alikuwa ameipania picha ile. Alishajiona akiiweka mbele ya wakili wa serikali, doa jekundu hapa, doa la buluu pale, maneno yakaisha.

Hana alisogeza kando bilauri ya maji. Alikuwa mwanamke wa makamo, wa sauti ya chini, asiyependa kurudia jambo.

"Ubongo haufanyi kazi kipande kimoja kimoja. Sehemu zake zinaungana kwa mitandao. Kuna mtandao unaoamka mtu anapojiwaza: mimi ni nani, nimefanya nini, nimekosa wapi. Kuna mwingine wa kupanga jambo na kulitenda. Na wa tatu kazi yake ni kuchagua kipi kisikilizwe sasa hivi, kelele za nje au mawazo ya ndani. Mtu akiwa mzima, hiyo mitandao inapokezana. Kwa wengi wenye sonona kali, watafiti wanaona kupokezana huko kumevurugika. Ule wa kujiwaza unang'ang'ania zamu, na mawasiliano yake na mingine hayako sawa. Wakitibiwa, miunganisho hiyo huanza kubadilika, polepole, na si kwa kila mtu."

"Sasa si ndiyo hiyo ninayoitaka?"

"Huo ni wastani wa mamia ya watu, na hata watafiti wenyewe hawakubaliani kwa kila kitu. Kwa mtu mmoja, picha haiwezi kuniambia kama usiku fulani alizungumza ukweli au la. Wakili yeyote mwenye akili atakuchana. Wewe mwangalie mtu, achana na picha."

"Nimwangalie nini? Jibu lake ni moja."

"Lilikuwa moja. Nilimuuliza umekula nini, akanijibu nimemuua Jenifa. Nje kuna jua? Nimemuua Jenifa. Kila njia niliyoshika ilimrudisha palepale. Juzi ameniuliza swali. Tangu aletwe kwangu hajawahi kuuliza kitu."

"Ameuliza nini?"

"Kuku wake analishwa na nani. Kisha akasema, 'Lakini si walikufa.'"

Msengi alilifahamu jalada lile ukurasa kwa ukurasa. Hakukuwa na kuku ndani yake.

Alimwomba Hana amwite. Anastasia aliingia na askari magereza wa kike, aliyesimama mlangoni. Alikuwa amekonda, shingo imetokeza mishipa, lakini alipofika mbele ya meza alikunja goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Msengi alichelewa kuitikia. Katika mahojiano yote yaliyopita, mwanamke huyu hakuwahi kumwamkia, na huku kwetu mtu mzima wa akili hasahau shikamoo.

"Marahaba, mama Jenifa. Keti. Nitakuuliza kama zamani. Ulimuuaje mtoto?"

Zamani jibu lilikuwa "kwa mikono yangu." Safari hii aliitazama ile mikono, imelala mapajani.

"Sijui. Natafuta mikono yangu usiku ule, siioni."

"Unaona nini?"

"Naona asubuhi. Kuku chini ya tenga, wote wamelala ubavu. Hata jogoo."

"Tenga lilikuwa wapi?"

"Chumbani kwa Jenifa. Tunawalaza ndani, vicheche wanatumaliza."

"Kingine?"

"Harufu. Kama dagaa waliooza. Nikasema labda kuna panya amekufa kwenye magunia."

"Magunia gani?"

"Ya mahindi. Fabiano aliyahamishia mle, kihenge kilivunjwa na wezi."

Msengi aliandika bila kuinua kichwa, asije akaonyesha hamu yake. Anastasia alikuwa amekaza macho kwenye ukuta, na midomo yake ilichezacheza.

"Kuna kingine," alisema. "Nakisikia kinakuja, halafu nakikimbia."

Hana aliinua mkono. Ilitosha kwa leo. Msengi alitoka bila kubisha, akamchukua koplo mmoja na gari, wakashika njia ya Ulemo.

Hakuanzia kwa Fabiano. Alianzia kwa jirani, Bi Amne, mama wa Kinyiramba aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta alizeti, kuku wakimzunguka miguuni kama watoto wa kudeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Polisi tena? Mtoto tulishazika."

"Nauliza habari za kuku. Mwezi wa saba kideri kilipita hapa?"

Bi Amne aliuweka chini ungo. "Kideri kipite, mimi nibaki na hawa wote? Hakikupita."

"Lakini kuku wa Fabiano walikufa."

"Yeye alisema kideri. Nikamwambia, Fabiano, kuku mwenye kideri anazubaa, anajikunyata, unamuona. Hawa wako jana jioni walikuwa hapa uani kwangu wananimalizia pumba."

"Mliwala?"

"Waliwe na nani! Kawafukia. Shimo refu, huko nyuma ya choo. Mbwa wangu kaenda kunusa, kamfukuza kwa mawe. Nikasema huyu amefiwa, amechanganyikiwa, tumwache."

Msengi alishukuru. Alizaliwa huku na alikulia huku. Kideri kikiingia kijijini, watu huchinja haraka kabla kuku hajafa, na siku hiyo hata maskini anakula mchuzi. Akifa kibudu hutupwa kwa mbwa. Shimo la kumfukia kuku hakuna anayehangaika kulichimba, labda awe anajua kwamba nyama ile haipaswi kumfikia hata mbwa. Msengi alikuwa ameshaanza kuelewa, na alitamani asielewe.

Walimkuta Fabiano uani kwake, akawakaribisha viti. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limemlegea mwilini. Msengi aliomba kukiona chumba cha nyuma. Kilikuwa kitupu. Kitanda kidogo cha kamba, kidirisha kilichozibwa kwa matofali mabichi, na kwenye ukuta, alama ya vumbi mahali magunia yalipoegemea. Alipiga goti akamulika kwa simu. Kwenye nyufa za sakafu kulikuwa na unga wa kijivu.

"Mnakokaga moto humu?"

"Hapana, afande. Ni chumba cha kulala."

"Magunia yako wapi?"

"Niliyahamishia jikoni."

"Lini?"

"Kipindi kile cha msiba. Watu walikuwa wengi."

"Kabla hawajaja au baada?"

Fabiano aliutazama mlango wa jikoni. Msengi alimwonyesha koplo ishara, wakaenda jikoni, wakafungua gunia la kwanza na kuingiza mkono ndani ya mahindi. Katikati kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo, unga uleule wa kijivu. Gunia la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Msengi alivifunga vile vitambaa kwenye mifuko ya vielelezo, akaandika, akamwita Bi Amne atie dole gumba kama shahidi. Koplo alienda nyuma ya choo na jembe.

Ndipo Msengi alipokaa kwenye kiti alichokaribishwa.

"Vidonge vya kufukiza wadudu," alisema. "Vinatoa hewa ya sumu. Muuza duka la pembejeo alikuambia nini?"

"Alisema tusilale navyo."

"Ukaviweka anakolala mtoto."

"Nilifunga magunia, afande. Nilikaza kabisa. Nikajua hewa haitoki." Sauti yake ilianza kupasuka. "Nje wezi walishachukua nusu. Mke mgonjwa haamki kitandani, watoto wadogo wako kwa bibi yao, Jenifa ndiye anapika uji, ndiye anamnywesha mama yake. Ningeacha wachukue na hiyo nusu, angepika nini?"

"Ulirudi alfajiri."

"Nilifungua mlango, harufu ikanipiga. Nikamshika, wa baridi. Nikatoa magunia. Sijui kwa nini nilianza na magunia. Nikatoa kuku. Mama yake alikuwa amesimama pale mlangoni, akasema, 'Nimemuua mimi.'"

"Ukamsikia."

"Nilimsikia."

"Ukajua si kweli."

"Nilijua." Alifunika uso. "Nikasema nitasema kesho. Kesho yake polisi walishaandika. Jambo likishaandikwa na polisi, nani wa kulifuta? Na hawa wadogo wawili, tukifungwa wote watalelewa na nani? Yeye alikuwa ameshakwenda, afande. Alikuwa haongei, hali, hatutambui. Nilimhesabu kama aliyekwisha kufa."

Msengi alimtazama muda mrefu. Alimchukia, na hakuweza kumchukia sawasawa. Alimtia pingu mwenyewe, kwa taratibu, na Bi Amne alisimama kwenye ua wake amejifunika kanga mdomoni huku jembe la koplo likiita nyuma ya choo.

Sasa vipande vyote vilikaa mahali pake. Mapafu yenye povu hayakuwa ya mtoto aliyezibwa pumzi, yalikuwa ya mtoto aliyevuta sumu. Kuku walikufa naye kwa sababu walikuwa chini, kwenye sakafu, karibu na magunia. Mama alipona kwa sababu kati yake na magunia kulikuwa na ukuta na mlango uliofungwa. Na yale maungamo, yaliyowapendeza watu wote wa sheria kuanzia kituoni hadi mahakamani, yalikuwa dalili ya ugonjwa. Waliiandika dalili, wakaigonga muhuri.

Alimpigia Hana simu njiani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Njoo umwambie leo," alisema. "Asikie kwako, si kwa wambea wa gereza. Lakini sikiliza, afande. Huu ndio wakati ninaouogopa. Nguvu na kumbukumbu zinarudi, matumaini bado. Nimeshaagiza asiachwe peke yake."

"Sumu ile ina dawa?"

"Dawa yake mahsusi hakuna."

"Kwa hiyo hakuna ambacho kingesaidia."

"Anayetolewa nje mapema, akapata hewa, akawahishwa hospitali, wapo wanaopona. Kwa nini unauliza?"

"Sijui," Msengi alisema. Na kweli hakujua.

Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa jengo alipofika. Anastasia alikuwa ameketi kwenye benchi, askari magereza kando yake, Hana mbele yake. Msengi alivuta kiti, akamweleza yote, taratibu, bila kuruka kitu: wezi, vidonge, magunia, kuku nyuma ya choo, Fabiano mahabusu. Alimaliza kwa sentensi aliyoifanyia mazoezi njia nzima.

"Hukumuua mtoto wako, mama Jenifa. Nitaandika hivyo, na nitasimama mahakamani niseme hivyo."

Anastasia hakulia. Alikaa akipima lile jambo.

"Si mimi niliyemfanyia hivyo," alisema.

"Si wewe."

"Fabiano alijua."

"Alijua."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Msengi alianza kufikiri kwamba limepita salama, hata akafunga kalamu. Kisha uso wa mwanamke yule ukabadilika, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine.

"Aliniita," Anastasia alisema.

Hana alijisogeza karibu. "Nani alikuita, mama?"

"Jenifa. Usiku. Alisema, 'Mama, kifua.' Kisha, 'Mama, siwezi kupumua, njoo.' Nilikuwa macho. Nilimsikia vizuri." Alizungumza kwa utulivu, na utulivu huo ndio ulioumiza. "Nikasema moyoni, nainuka. Nikasema sasa nainuka. Nilitaka. Mungu anajua nilitaka. Miguu ilikaa pale pale. Nikamsikia anaita mpaka akaacha. Nikasema, amelala."

"Ule ulikuwa ugonjwa," Hana alisema. "Kutaka kulikuwepo, kutenda hukuweza. Si uvivu, si roho mbaya. Kama mguu ungekuwa umevunjika, ungejilaumu?"

Anastasia hakumgeukia. Alikuwa anamtazama Msengi.

"Baba, wewe ndiye unayechunguza. Ningeinuka nikamtoa nje, angepona?"

Msengi alikuwa ameshahoji majambazi, wezi wa ng'ombe, wachawi wa kujitangaza, na hajawahi kukosa la kusema. Alitafuta uongo mmoja mzuri. Ulikuwepo, mdogo tu, ungemtoka mdomoni kirahisi kama angewahi. Hakuwahi.

"Sijui," alisema.

"Unajua."

Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukikwaruza sakafu ya saruji.

"Siku zile nilikuwa nasema nimemuua, lakini yalikuwa maneno tu," Anastasia alisema. "Yalikuwa yanazunguka yenyewe kichwani. Yeye sikumsikia. Sasa namsikia."

Muuguzi aliingia na dawa ya jioni, kidonge kimoja kwenye kifuniko cha chupa, na maji. Hakuwa na habari ya lolote, akamkabidhi kama siku zote. Anastasia alikishika kidonge kwenye kiganja, akakitazama.

"Daktari, nikiacha kuvimeza hivi, nitaacha kumsikia?"

Hana alifumba macho, akayafumbua. "Ugonjwa utarudi, Anastasia. Na wadogo zake Jenifa wapo. Wanakuhitaji ukiwa unasikia."

Alifikiri juu ya hilo. Kisha alikitia kidonge mdomoni, akanywa maji, akamgeukia askari magereza, na kama alivyofundishwa tangu siku ya kwanza, akaachama na kuinua ulimi juu ili yule askari aone kwamba amemeza.